Kabla ya mbwa, mtoto apewe msikilizaji

Wahenga walinena kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Huko Marekani mbwa ameingia darasani, na aliyemfungulia mlango ni serikali yenyewe. Kufuatia janga la Korona, Bunge la nchi hiyo lilizitengea shule za umma takriban dola bilioni 190 kwa awamu tatu, mwaka 2020 na 2021. Baadhi ya wilaya za elimu zilitumia sehemu ya fedha hizo kununua na kutunza mbwa wa kuwaliwaza wanafunzi waliorudi shuleni na majonzi. Muda wa kuzipangia matumizi fedha za awamu ya mwisho ulikwisha Septemba 2024. Mbwa, hata hivyo, haachi kula kwa sababu mfuko umekauka.

Nilipomsimulia mhadhiri mwenzangu habari hii, aliangua kicheko. “Daktari,” akaniambia, “sisi hata chaki haitutoshi, wenzetu wanaajiri mbwa!” Kicheko chake nakielewa. Lakini jambo linalochekesha si lazima liwe la kipuuzi, na yafaa tulichunguze kabla ya kulitupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa watoto mjini New York, Boris Levinson, alieleza kwamba mtoto aliyejifungia katika kimya chake alilegea alipokutana na mbwa wa mtaalamu huyo, Jingles. Mwaka 1999, katika mji wa Salt Lake City, shirika la Intermountain Therapy Animals likaanzisha mpango wa watoto kuwasomea mbwa vitabu kwa sauti. Mbwa aliyefunzwa hulala kando ya mtoto, mwenye mbwa huketi karibu, na mtoto husoma. Hapana mtihani wala alama nyekundu.

Sisi wanaisimu hatuna budi kuutazama mpango huo kwa makini. Kusoma kwa sauti mbele ya watu si jambo dogo. Msomaji huanika matamshi yake, na matamshi hufichua lugha ya mama, kijiji na pengine umaskini wa kwao. Nikiwa darasa la tatu nilisimama nikasoma “shakula” badala ya “chakula”. Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka. Muhula huo wote sikuinua tena mkono.

Kilichoniokoa ni mbuzi wa baba. Jioni nilipokwenda kuwachunga nilibeba kitabu, nikawasomea ukurasa baada ya ukurasa. Mbuzi hawakucheka, hawakunisahihisha, wala hawakunilinganisha na mtoto wa jirani. Muhula uliofuata nilirudi darasani nikiwa na sauti. Kwa hiyo siwezi kuwakejeli Wamarekani.

Je, basi, kodi ya Mkenya inunue mbwa wa shule? Jibu langu ni la. Kwanza, mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, yaani haufiki shilingi nne kwa siku. Pili, taifa hili lingali linapigana na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao limejiwekea lengo la kuutokomeza miongoni mwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Watoto wetu wengi humjua mbwa kama mlinzi mkali, hawamjui kama rafiki. Tatu, Waislamu wengi wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mtoto wa Lamu asilazimishwe kuchagua kati ya kitabu na udhu wake. Aidha, tafiti nyingi za fani hii zimefanywa kwa makundi madogo ya watoto, na si busara kujenga bajeti ya taifa juu yake.

Hata hivyo, tukiishia kwenye la tutakuwa tumekosa somo. Kilichomfaa mtoto hakikuwa manyoya ya mbwa bali sikio lisilohukumu. Sikio hilo ndilo adimu shuleni mwetu. Jopo la Naomy Wangai lilihimiza ushauri nasaha shuleni tangu mwaka 2001, mwaka ule ule ambao wanafunzi 67 walifariki katika moto wa Kyanguli. Mwaka 2016 mabweni yakateketea tena katika shule zaidi ya mia moja. Licha ya hayo, katika shule nyingi mshauri bado ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, daftari za kusahihisha, na ofisi anayoishiriki na wengine kumi. Mwanafunzi atamfungulia moyo saa ngapi, na wapi?

Pendekezo langu ni kwamba fedha za umma zimlipe kwanza mshauri asiye na vipindi, hata ikibidi shule tatu au nne za msingi jirani zimshiriki mmoja. Na kama wanyama wanatakiwa, tunao. Vilabu vya 4K vilivyofufuliwa mwaka 2021 vinaweza kufuga sungura na kuku. Msomaji anayesitasita na apewe robo saa kando ya kibanda cha sungura, mwalimu akiwa mbali kidogo. Gharama yake ni majani na mbao chache.

Wakati mpango huo ukisubiri fedha, lipo jambo moja lisilohitaji senti hata moja, nalo ni mwalimu kukikomesha kicheko darasani pale mtoto anapotamka “shakula”. Si kila mtoto ana mbuzi wa kurudi kwao jioni.