Filamu Nzuri, Je, Inamfaa Mtoto? Maswali Matano kwa Wazazi na Walezi



Ndugu mpendwa msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, siku chache kabla ya tarehe 16 Juni, mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu alinijia ofisini akiomba ruhusa ya kuwaonyesha watoto filamu ya Sarafina! katika ukumbi wetu. Sababu yake ilikuwa njema. Tarehe hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Filamu hiyo ya mwaka 1992 inasimulia habari hizo hizo. Mimi nilikuwa nimeitazama zamani nikiwa seminarini. Nilikumbuka nyimbo, sare za shule na mwalimu jasiri aliyeigizwa na Whoopi Goldberg. Nikasema ndiyo, bila kuitazama upya.

Waliokaa mbele kabisa ukumbini walikuwa watoto wa miaka sita na saba.

Baada ya siku mbili, mama mmoja alikuja kwangu baada ya Misa ya asubuhi. Aliniambia kwa upole, lakini maneno yake yalinichoma: "Padre, mtoto wangu haendi tena chooni usiku. Ananiuliza kama polisi watakuja shuleni kwao." Hapo nikakumbuka kilichokuwa kimenitoka akilini: wanafunzi wanaanguka kwa risasi, askari mmoja anachomwa moto na wanafunzi wenyewe, na msichana anateswa gerezani. Filamu ni ile ile niliyoipenda. Kilichobadilika ni macho yaliyoitazama.

Tangu siku hiyo nimejiuliza, na wazazi wengi wa Nkende wameniuliza pia: tutajuaje kwamba filamu ya maigizo inamfaa mtoto? Makala hii ni jaribio la kujibu.

Nguvu ya maigizo

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, Mfalme Daudi ametenda dhambi nzito, na Mungu anamtuma nabii Nathani kwake. Nathani haanzi kwa kumkemea. Anamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira dhidi ya tajiri huyo, na ni baada ya hapo tu anapogundua kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Kisa kiliingia moyoni kabla akili haijapata nafasi ya kujitetea.

Hiyo ndiyo nguvu ya maigizo. Hotuba husikilizwa na kupimwa, ilhali kisa hutufanya tuishi ndani yake: tunalia na anayelia na kumchukia anayechukiwa. Mtu mzima akishatoka ndani ya kisa hurudi na kupima: hii ni kweli, ile imetiwa chumvi, yule ni mwigizaji tu. Mtoto mdogo bado hajajua njia ya kurudi. Alichokiona anakichukua kama kilivyo.

Sasa fungua sura inayofuata ya kitabu hicho hicho, sura ya 13. Humo mna habari za Amnoni na dada yake Tamari. Ni Neno la Mungu, ni takatifu, nalo lina mafundisho mazito juu ya jeuri ya wenye nguvu. Hata hivyo hakuna katekista mwenye busara atakayewasomea sura hiyo watoto wa miaka sita. Hapa tunapata kanuni ya kwanza: kitu kuwa chema na kitu kumfaa mtoto ni mambo mawili tofauti.

Kanisa limelijua hilo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zilizohesabiwa kuwa na thamani kwa upande wa dini, maadili na sanaa. Miongoni mwake imo Schindler's List, inayohusu mauaji ya Wayahudi. Ni filamu yenye ujumbe mkubwa wa huruma, lakini nchini Uingereza ilipangwa kwa walio na umri wa miaka 15 na kuendelea. Sifa za filamu hazimwondolei mzazi wajibu wa kuuliza ni nani anayetazama.

Nani apime?

Nchini mwetu, Bodi ya Filamu Tanzania, iliyotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ndiyo yenye jukumu la kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja. Mzazi akiona alama ya umri kwenye filamu asiipuuze. Lakini asiitegemee peke yake, kwa sababu mbili.

Kwanza, filamu nyingi hazifiki kwetu kwa njia ya kawaida. Zinakuja kwenye flashi na kwenye simu, na zinaonyeshwa katika vibanda umiza ambako hakuna anayeuliza umri ilimradi umelipa kiingilio. Pili, wengi wetu tunazitazama filamu za nje zikiwa zimetafsiriwa na DJ, ambaye anazungumza juu ya sauti za waigizaji. Ni sanaa yenye ubunifu, nayo imewapa raha watu wengi wasiojua lugha za kigeni. Lakini DJ huongeza mzaha wake, mara nyingine matusi, na mara nyingine hugeuza maana ya tukio zima. Filamu iliyopimwa kule ilikotengenezwa si ile ile inayosikika kibandani.

Kwa hiyo mpimaji wa mwisho ni mzazi. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, waliwakumbusha wazazi kwamba ni wajibu wao kulinda mlango wa nyumba dhidi ya maonyesho yanayodhuru imani na maadili. Wakati huo walifikiria sinema, redio na televisheni. Leo mlango huo ni mdogo hata unaingia mfukoni.

Maswali matano

Napendekeza maswali matano. Hayahitaji elimu ya sinema. Yanahitaji muda wa kukaa na kutazama.

La kwanza: mtoto huyu ana umri gani, na anabeba nini moyoni? Watoto wawili wa miaka tisa si sawa. Aliyefiwa na mama mwezi uliopita hataitazama filamu ya msiba kama mwenzake. Aliyeshuhudia ugomvi wa wazazi wake anasikia kofi la kwenye filamu kwa sikio jingine. Alama ya umri haimjui mtoto wako, wewe unamjua.

La pili: uovu unaonyeshwa, au unapambwa? Maigizo bila uovu hayawezekani, kwa maana hata mfano wa Msamaria Mwema una wanyang'anyi. Swali ni jinsi uovu unavyoonyeshwa. Je, tunaona maumivu ya aliyeonewa, au tunaona tu umahiri wa mwonevu? Je, mlevi anachekesha, au tunaiona pia njaa ya watoto wake?

La tatu: dhambi imepewa dakika ngapi, na toba dakika ngapi? Katika filamu na tamthilia zetu nyingi, mtu hudanganya, huzini na kuiba kwa saa moja na nusu katika majumba mazuri na magari ya kifahari. Dakika tano za mwisho anaugua au anafungwa, kisha tunaambiwa kwamba filamu ina mafunzo. Mtu mzima anaweza kuyapata mafunzo hayo. Mtoto anabaki na lile gari.

La nne: filamu inamfundisha mtoto amwogope nani na amdharau nani? Swali hili naliweka mbele ya wazazi wa Kanda ya Ziwa kwa uzito wa pekee. Katika kanda yetu wapo bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, pengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na kumbe ni moshi wa kuni za miaka mingi. Wapo ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa imani za utajiri. Sasa, filamu inayomchora kila mwanamke mzee kuwa mchawi, au inayomwonyesha mganga akimpa mtu utajiri wa kweli, haibaki kibandani. Mtoto anarudi nayo nyumbani, anamtazama bibi yake jikoni, na kitu kimebadilika. Filamu ya namna hiyo inaweza isiwe na tusi hata moja wala tendo la aibu hata moja, na bado isimfae mtoto.

La tano: kuna mtu mzima atakayekaa naye? Filamu nyingi ngumu huwa salama mtoto akiwa na mtu wa kumwuliza, na nyingi nyepesi huwa na madhara akiachwa peke yake na rimoti.

Kulinda si kuficha

Hapa nataka kuzuia kosa la upande wa pili. Wapo wazazi ambao wakisikia maneno haya watazima king'amuzi na kukifungia kabatini. Lakini mtoto hakui kwa kufichwa ukweli. Huku kwetu Tarime na Serengeti, msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja anaweza kukabiliwa na kisu cha ukeketaji kabla mwaka haujaisha. Kumwambia kwamba bado ni mdogo kwa mazungumzo hayo ni kumwacha peke yake mbele ya kisu. Huyu anahitaji kujua kwamba ana haki ya kukataa, kwamba sheria inamlinda, na kwamba zipo nyumba salama. Filamu ya maigizo inayomwonyesha msichana kama yeye akikimbia na kupokelewa inaweza kuwa msaada mkubwa. Anachohitaji ni ujasiri wa msichana yule, na mtu wa kumkimbilia. Hahitaji kuonyeshwa jeraha kwa karibu. Mtume Paulo aliwalisha Wakorintho maziwa kwanza, kwa kuwa walikuwa hawajaweza chakula kigumu. Hakuwaacha na njaa.

Tukirudi kwa Sarafina!

Nimeitazama upya filamu hiyo, mara mbili, nikiwa na kalamu. Uovu haukupambwa: kila kifo kinaumiza, hata cha yule askari aliyesaliti watu wake. Mwishoni Sarafina anaitupa bunduki na anamwomba msamaha mama yake, mtumishi wa nyumbani, ambaye hapo awali alimwonea aibu. Ni mafundisho mazuri juu ya amri ya nne. Lakini mateso yake ni mazito. Nchini Marekani ilipewa alama ya PG-13, yaani mzazi aonywe kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 13. Onyo hilo lilikuwapo siku zote; mimi sikulitafuta.

Mwaka huu tumeamua hivi. Vijana wa miaka 13 na kuendelea wataitazama pamoja na walezi wao, na baadaye tutakaa nusu saa kuzungumza. Wenye miaka minane hadi kumi na miwili wataangalia Queen of Katwe ya mwaka 2016, inayomhusu msichana wa Kampala, Phiona Mutesi, aliyejifunza mchezo wa chesi katika umaskini wa Katwe. Nayo ina ajali ya pikipiki, mafuriko na dada mkubwa anayetoka nyumbani kumfuata mwanamume, hivyo mlezi awe tayari kwa maswali. Wadogo zaidi hawatatazama filamu. Watacheza, wataimba, na watasimuliwa kwa maneno machache habari za Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyeuawa Soweto siku ile, kisha tutamwombea.

Yule mama nilimwomba radhi, na mwanawe nilimwita. Tulikaa chini ya mwembe nami nikamweleza kwamba waigizaji wale hawakufa, kwamba damu ile ilikuwa rangi, lakini kwamba watoto wa Soweto waliwahi kuwa watoto kweli kama yeye. Aliwaza kidogo, akauliza: "Padre, wewe uliogopa?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Ningalikaa karibu naye ukumbini siku ile, swali hilo lingaliulizwa mapema, na usiku wake ungalikuwa mwepesi zaidi.

Wazazi wapendwa, kabla ya kubonyeza kitufe, keti kwanza kando ya mtoto wako. Mungu awabariki.