Mola Anasamehe, Lakini Haki ya Mtu Ina Mwenyewe

Kila Ramadhani ikikaribia, au mtu akiwa njiani kwenda Hijja, makundi yetu ya WhatsApp hapa Riyadh na Jeddah hujaa ujumbe ule ule: kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe. Mtu huutuma kwa watu mia mbili kwa mpigo mmoja, nao humjibu kwa picha ya mikono ya dua. Ni jambo zuri, na asili yake ni njema. Wazee wetu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi kabla ya kupanda meli ya Hijja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wakifika mlangoni, na mwenye nyumba alipata nafasi ya kusema: "Mimi nimekusamehe, lakini ile pesa ya nazi bado."

Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo "bado".

Mlango uko wazi

Kwanza tusitishane. Dini yetu haikumfungia mtu mlango. Katika Suratu Zumar, aya ya 53, Mwenyezi Mungu anawaita wale waliozidisha kujidhulumu nafsi zao na kuwakataza wasikate tamaa na rehema Yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeua watu 99, akaambiwa na mchamungu mmoja kwamba hana toba, naye akamuua huyo akatimiza mia. Hata huyo, alipofunga safari kwenda mji wa watu wema na mauti yakamkuta njiani, alipokelewa na malaika wa rehema.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametupigia mfano wa msafiri aliyepotelewa na ngamia wake jangwani, chakula na maji vyote viko juu ya mgongo wa mnyama, akalala akingoja kufa, kisha akaamka akamkuta amesimama mbele yake. Furaha ya Mola kwa mja anayetubu ni kubwa kuliko furaha ya mtu yule. Aliyewahi kuendesha gari kutoka Riyadh hadi Jeddah, karibu kilomita 950, akatazama nje dirishani, anajua mfano huo una uzito gani.

Basi tatizo letu haliko kwenye rehema. Tatizo ni kwamba tunalichukua hilo moja, tukaliacha la pili.

Sharti la nne

Imam Nawawi, katika Riyadhus-Salihina, kitabu ambacho madrasa nyingi za pwani husomesha, amelipanga jambo hili wazi. Dhambi ikiwa baina ya mja na Mola wake, masharti ya toba ni matatu: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Lakini ikiwa imegusa haki ya mtu, linaongezeka la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake, au kumtaka msamaha. Likikosekana hilo, toba ya jambo lile haijatimia.

Hadithi za mlango huu ni nzito. Shahidi husamehewa kila kitu, ila deni. Na muflisi wa kweli, kama alivyofundisha Mtume, ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake, mwengine alimpiga. Watalipwa kutoka katika mema yake mpaka yamalizike, na yakimalizika atabebeshwa madhambi yao. Siku hiyo hakuna riyali wala shilingi.

Miaka kumi na nne ya kungoja

Sisi tunaokaa Saudi Arabia tunaiona kanuni hii ikitembea kwa miguu, kwa sababu mahakama za hapa hutenganisha hakki aam, haki ya umma, na hakki khaas, haki ya mwenyewe. Dola inaweza kusamehe iliyo yake. Lakini kisasi cha mauaji ni cha warithi wa aliyeuawa. Wao ndio wenye kusema tunataka kisasi, tunachukua diya, au tumesamehe bure, kama ilivyoelezwa katika Suratul Baqara, aya ya 178.

Wengi wetu tulifuatilia habari ya Mkenya Stephen Munyakho, aliyesilimu na kuitwa Abdulkareem. Mwaka 2011 aligombana na mfanyakazi mwenzake, raia wa Yemen, na mwenzake akafa. Kwanza alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Baadaye, mwaka 2014, kesi ikageuka kuwa ya mauaji na hukumu ikawa kifo. Mama yake, Dorothy Kweyu, mwandishi wa habari mkongwe wa Kenya, alizunguka kila mlango kumtafutia mwanawe fedha za diya. Warithi walikubali riyali milioni 3.5, na tarehe ya kutekelezwa hukumu ikaahirishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2025 Rabita, Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu yenye makao yake Makka, iliilipa diya hiyo, na Julai mwaka huo mtu akatoka.

Moyo wa Abdulkareem na Mola wake siujui, wala si kazi yangu kuujua. Ninachokitazama ni hiki: serikali mbili zilizungumza, masheikh waliingia kati, mama alilia mbele ya kamera, na bado neno la mwisho lilibaki kwa mjane na mayatima wa Yemen. Hakuna mkubwa aliyeweza kusamehe kwa niaba yao. Ndivyo haki ya mtu ilivyo, iwe roho au iwe pishi ya mchele.

Shamba la Pemba, daftari la Jeddah

Sasa turudi majumbani mwetu. Jina Naseem lina mitaa miwili tunayoijua sana: ya Riyadh, upande wa mashariki, ambako sisi tunakaa, na ya Jeddah, ambako anakaa ami yangu. Ami ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Wazazi wake waliacha shamba la mikarafuu kule Wete, wakaacha na watoto watatu: yeye na dada zake wawili. Kila msimu karafuu zilichumwa, zikauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na fedha zikaletwa kwake. Dada hawakuwahi kuuliza, na yeye hakuwahi kuwapelekea. Ndiyo mazoea ya nyumba nyingi: kaka ndiye mwenye shamba, dada ana mumewe.

Mwaka juzi alitoka kwa daktari wa moyo, akatuita. Mezani palikuwa na daftari na bahasha iliyojaa risiti za shirika. Akasema, "Hesabu ni nyepesi. Mtoto mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke moja. Mafungu manne. Mimi nina nusu tu, na nimekula yote." Mwanawe mmoja akamwambia, "Baba, mashangazi wamesharidhia, mbona wamenyamaza miaka yote hiyo?" Mzee akajibu, "Kunyamaza si kusamehe. Huenda waliona haya tu."

Akampigia simu dada yake aliye hai, huko huko Wete. Sauti ilikuwa wazi, sote tukasikia. Ami alieleza yote, mwaka kwa mwaka, na kiasi alichokitaja. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, radhi nimekupa zamani. Pesa nipe." Tulicheka sote, na ami mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Kwa dada wa pili mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani ameshafariki, na watoto wake wako Muscat. Watatu watu wazima wakasema, "Ami, tumekuachia." Wa nne naye ameshafariki, ameacha watoto wadogo. Hapo sheikh aliyeulizwa akamzuia: walio baligh na wenye akili wanaweza kusamehe fungu lao wakijua ni kiasi gani, lakini haki ya yatima haisamehewi na mtu mzima kwa niaba yake, si na mama yake, si na ami yake. Fungu la wale watoto likahesabiwa likalipwa. Ami aliuza gari, akabaki anapelekwa msikitini na wajukuu.

Yaliyo ndani ya nyumba

Si kila mmoja ana shamba la karafuu. Lakini wengi tuna dada wa kazi, na wengi wao wanatoka Kenya, Uganda na kwengineko Afrika Mashariki. Tunazungumza nao lugha yetu, wanalala chini ya dari moja nasi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, asimpe ujira wake. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kwa mikataba mipya ya kazi za nyumbani, mshahara hulipwa kwa benki au pochi za kielektroniki kupitia Musaned, na rekodi inabaki. Ni jambo la kheri. Lakini ile miaka ya kulipa mkononi nayo ina hesabu yake. Yule aliyeondoka na miezi miwili haikulipwa, kwa sababu "alivunja vyombo", ana jina, na mara nyingi namba yake ya simu bado imo kwenye simu ya mama wa nyumba.

Wapo watakaosema: hatumpati tena, amehama, au hatujui yuko hai au amekufa. Wanavyuoni wamelijibu hilo. Mtafute kwa dhati. Ukikata tamaa kabisa, itoe sadaka kwa niaba yake, thawabu ziwe zake. Akitokea siku moja, umpe hiari: aikubali sadaka ile au apewe haki yake.

Je, kusengenya? Hapa wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaosema lazima umwendee uliyemsengenya. Wapo, kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul-Qayyim, walioona kwamba ikiwa hajajua, kumwambia kutawasha moto mpya, basi umwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kama ni kundi la WhatsApp, ni kundi lile lile.

Na anayeombwa radhi?

Huyu naye ana sehemu yake. Kaab bin Malik na wenzake wawili walibaki nyuma bila udhuru katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Wengine zaidi ya themanini walikuja na visingizio, wakakubaliwa kwa dhahiri yao. Kaab alisema ukweli, naye akasuswa siku hamsini. Toba yake ilipoteremka, watu walimkimbilia kwa bishara mpaka Talha akainuka msikitini kwenda kumpa mkono, na Kaab hakuisahau maisha yake. Mtu akija na ukweli wake, tusimfanye ajute kusema ukweli. Shangazi alidai pesa yake, na ni haki yake, lakini hakumtolea kaka yake hata neno moja la kumvunja.

Hapa Riyadh maiti wengi husaliwa katika Jami' ya Al-Rajhi, kisha huzikwa makaburi ya Naseem. Desturi yetu ni kutangaza hapo: aliyekuwa anamdai marehemu awaone warithi. Ni tangazo jema, lakini shangazi wa Wete hayupo pale, wala dada wa kazi aliyerudi Mombasa. Waliopo ni majirani, ambao aghlabu hawadai kitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi yenyewe ni ya mtu aliye hai, na haihitaji mengi. Daftari moja: nani ananidai, kiasi gani, tangu lini, na namba yake. Ukurasa wa pili uwe wa mirathi: mali gani ya wazazi iko mkononi mwangu, na nani wengine wana fungu humo. Shamba au nyumba ikiwa na mzozo, Kenya ipo mahakama ya Kadhi, na Zanzibar pia ipo, pamoja na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kinachoweza kulipwa leo kilipwe leo, hata kwa mafungu. Kisichowezekana kiandikwe katika wasia, na watoto waambiwe daftari linakaa wapi.

Mwenyezi Mungu hana haja na fedha zetu, ndiyo maana Yeye husamehe kwa chozi la usiku. Wenye haki zao wana haja nazo. Wana kodi, wana karo, na wengine wana dawa za kununua mwezi huu.

Wallahu aalam.