Umri wa Kipande na Umri wa Damu

Kyumbi ni pale barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapotoa tawi la kwenda Machakos mjini. Wasafiri wengi wa pwani hupapita usiku, wamelala ndani ya basi. Wazee wa huko, kama wazee wetu wa Kwale na Lamu, wengi wao walizaliwa kabla ya vyeti vya uzazi kuenea vijijini. Mtu hukumbuka tu kwamba alikuwa akichunga mbuzi mafuriko ya 1961 yalipokuja. Mwaka wa kukisia ukishaandikwa katika kipande, ndio utakaoamua ni lini mzee ataingia katika Inua Jamii, posho ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Ndipo watu huuliza: je, damu haiwezi kutoa ushahidi?

Swali hilo lina msingi. Katika ncha za kila kromosomu mna telomia, yaani herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa maelfu ya mara. Baharia hufunga uzi kwenye ncha ya kamba ili isifumuke. Telomia hufanya kazi hiyohiyo. Kila seli inapogawanyika, ncha hupungua kidogo. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kufumbua jinsi telomia na kimeng'enya cha telomerasi zinavyozihifadhi kromosomu.

Lakini hatuzaliwi na akiba sawa. Damu ya mtu mzima hupoteza takriban jozi 20 hadi 40 za herufi hizo kwa mwaka, ilhali tofauti baina ya watoto wawili waliozaliwa siku moja yaweza kuzidi upungufu wa miongo kadhaa. Kwa hiyo kipimo hiki huwafaa wataalamu wanaolinganisha maelfu ya watu. Kwa mzee mmoja aliyesimama mbele ya karani, hakithibitishi lolote.

Tena kuna malaria. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa watu wazima zaidi ya 1,800 wa Tanzania, Ethiopia, Botswana na Kamerun. Palipozidi malaria, telomia za chembe nyeupe za damu zilielekea kuwa fupi zaidi. Yadhaniwa kwamba kimelea huangamiza chembe nyekundu, na uboho hulazimika kugawanya seli zake upesi ili kufidia. Huko Uswidi, wasafiri waliorudi na ugonjwa huo walionekana telomia zao zikifupika baada ya homa, kisha zikarefuka tena katika muda wa mwaka mmoja hivi. Basi mzee wa Kilifi, aliyeugua homa tangu utotoni, na hirimu yake wa Kyumbi, kwenye nyanda kavu zenye malaria chache, huenda damu zao zikasema umri mbili tofauti.

Kuna pia wauzao vidonge vya "kurefusha telomia". Hao wasikilizwe kwa tahadhari, maana telomia ndefu kupita kiasi zimehusishwa na baadhi ya saratani.

Kwa mzee anayetafuta haki yake, ushahidi wenye uzito zaidi ungali katika karatasi na kumbukumbu: sajili ya shule, cheti cha ndoa cha kadhi, umri wa ndugu aliyemfuata ziwa, na makadirio ya daktari wa hospitali ya serikali.