Somo: Mali ya Ziada na Mahitaji ya Jirani



Katika somo lililopita tulieleza amri ya saba, ikatazayo wizi. Mkristu mmoja akatuuliza: «Mali niliyoipata kwa jasho langu, je, siwezi kuitumia nipendavyo?» Leo tutalijibu swali hilo.

Mungu aliiumba dunia kwa ajili ya watu wote. Ni halali mtu kuwa na shamba lake na fedha zake. Lakini haki hiyo haimnyang'anyi mwenzake haki ya kuishi. Ndiyo maana Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba yanayozidi mahitaji yetu si yetu peke yetu, ikiwa wengine wanakosa yaliyo ya lazima.

Fundisho hilo ni la zamani. Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyepewa upadri huko Antiokia mwaka 386, aliwaonya matajiri waliopamba altare kwa dhahabu na hariri, huku Kristu yule yule akiketi mlangoni, uchi na njaa, katika mtu maskini. Hakukataza mapambo, alionyesha utaratibu: kwanza mwenye njaa ashibe, ndipo altare ipambwe. Mwaka 398 akawa askofu wa Konstantinopoli, mji wa Kaisari. Akapunguza gharama za nyumba yake mwenyewe, fedha akazipeleka hospitalini kwa wagonjwa. Wakubwa wengi walimchukia, hata malkia Eudoxia. Mwaka 404 alihamishwa mbali, na mwaka 407 akafa akiwa safarini katika uhamisho huo.

Tusiseme: «Hayo ni ya matajiri, sisi ni watu wa kijiji.» Sikilizeni. Mwaka mmoja sisi wakubwa wa kanisa tulichangisha fedha ili waimbaji wote wavae kitambaa cha namna moja siku ya Pasaka. Tuliimba vizuri, nguo ziking'aa. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tukamkuta mjane mmoja na wajukuu wake wameketi katika maji, kwani paa la nyumba yao lilikuwa limeoza. Huyo alikuwa mwimbaji wetu. Pasaka hakuja kwa sababu hakuwa na fedha za kitambaa, wala hakuna aliyemwuliza. Nyasi za kuezekea zilikuwa porini, bila bei. Hatukukosa fedha, tulikosa macho. Siku ile tuliezeka paa lake, nasi tuliona haya.

Maswali ya kukumbuka

Je, kufanya karamu ni dhambi?
Sivyo. Yezu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Dhambi ni kushiba na kumwacha jirani katika shida, hali tunaweza kumsaidia.

Ziada ni nini?
Ni yanayobaki baada ya chakula, mavazi, nyumba, dawa na masomo ya watoto.

Asiye na ziada ya fedha atatoa nini?
Atatoa mikono yake: atachota maji, atalima, ataezeka.

Tendo la juma hili: kabla ya Jumapili, kila jamaa itembelee nyumba moja ya mjane, mzee au mgonjwa, iulize anakosa nini. Kisha tufanye sikukuu pamoja naye.

Mungu awabariki.