Kabureta ya Morris Haitaki Papara

Siku hizi vijana wengi wa gereji wakifungua boneti ya Morris Minor hutazamana. Wamezoea magari yanayopimwa kwa kompyuta, na hapa wanakuta chombo cha madini kimekaa ubavuni mwa injini kama dele la kahawa. Hiyo ndiyo kabureta ya SU, na si kila mwenye spana anaijua.

Nina sababu ya kuyaandika haya. Gari aliloacha marehemu baba, Morris ya 1966, lilikaa Nairobi kwa ndugu yangu mdogo miaka sita. Alipoliteremsha Mombasa, kutoka Voi likaanza kukohoa. Kufika Makupa linaripuka kwenye kabureta na maji yanachemka. Fundi mmoja akasema injini imekwisha, ifunguliwe yote. Bei aliyoitaja ilimfanya ndugu yangu aanze kuulizia wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mama hakusema neno; alichukua kitambaa akenda akalifuta vumbi.

Mimi niliomba jambo moja tu: plagi zitolewe zitazamwe. Zote nne zilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na moto unawaka mkali mno. Ukiendelea kuliendesha gari hivyo, valvu zitaungua, na hapo yule fundi angekuwa amesema kweli.

Na hewa ilizidi wapi? Petroli huungua vyema ikichanganywa na hewa kwa uzito wa moja kwa karibu kumi na tano. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu. Gari lilipimwa huko, tena likabanwa kidogo ili lisile mafuta. Huku pwani hewa ni nzito, lakini kabureta ikaendelea kutoa mafuta kwa kipimo cha Nairobi.

Kabureta hii ilibuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na akina Skinner, watu wa ukoo wa biashara ya viatu. Labda ndiyo maana za mwanzo zilikuwa na mvukuto wa ngozi, kama wa mhunzi! Baadaye ngozi ikaachwa, ikawekwa pistoni. Pistoni hiyo hupanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na chini yake ina sindano iliyochongoka iingiayo kwenye tundu la petroli, liitwalo jeti. Chini ya jeti mna nati yenye pande sita. Ukiipandisha nati, jeti hukutana na sehemu nene ya sindano, mafuta yakapungua. Ukiishusha, yakaongezeka. Siri yote ni hiyo.

Lakini usiiguse nati kabla ya kuhakikisha kwamba cheche na valvu zimepimwa sawa na hakuna mahali panapovuta hewa ya wizi. Kisha injini ipate moto barabara, choki irudishwe kabisa, na gari liwe nje uwanjani, maana moshi wake una sumu isiyonuka, nayo huua. Zungusha upande mmoja tu wa nati kwa mara moja, usikilize.

Sasa inua pistoni kidogo sana, kwa unene wa kucha, kwa kile kipini cha pembeni. Injini ikikimbia na kuendelea kukimbia, mafuta yamezidi. Ikitaka kuzimika, yamepungua. Ikiharakisha kidogo kisha ikatulia, umepata. Ya baba ilikuwa ikizimika papo hapo. Nilishusha pande tatu, nikajaribu kila mara. Baada ya upande wa tatu ikatulia. Tulikwenda nayo Kilifi na kurudi, maji hayakuchemka, na plagi zikaanza kupata rangi. Habari za chuma kikuukuu zikaisha siku hiyo.

Jambo la mwisho, ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Juu ya lile dele mna kifuniko kidogo cha kufungua kwa mkono. Ndani yake hutiwa oili nyepesi, ile ya namba 20, ili pistoni isirukeruke ukikanyaga mafuta ghafla. Ikikauka, gari litasitasita kila unapotaka kulipita lori, na utaichezea nati mchana kutwa bure. Ifungue kila mwezi uitazame kabla ya safari ya kwenda bara, na ukifika Nairobi ipandishe nati tena, upande mmoja mmoja, huku ukisikiliza.