Kobe, Tone la Maji na Mwalimu: Zana za Kidijitali za Ubunifu Darasani

Zana za kidijitali za ubunifu, yaani programu zinazomwezesha mwanafunzi kutunga mchezo, katuni, muziki au kielelezo badala ya kutazama tu kilichotungwa na wengine, huingia madarasani zikitanguliwa na ahadi kubwa: kwamba mtoto akishaanza kubuni kwa kompyuta, fikra zake zitanoleka katika masomo yote. Utafiti wa zaidi ya miaka 40 haujaikanusha ahadi hiyo, ila umeiwekea sharti ambalo wauza vifaa hawapendi kulitaja. Sharti lenyewe linahusu mambo ambayo mtoto analazimika kuyaamua mwenyewe anapobuni, pamoja na namna mwalimu anavyoutumia uamuzi huo.

Chimbuko la zana hizi ni Logo, lugha ya kompyuta ya watoto iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeshikilia kwamba mtoto huyajenga maarifa yake mwenyewe wala hayapokei yakiwa yamekamilika. Kwa fikra hiyo Papert aliongeza jambo moja, kwamba ujenzi huo hushika zaidi pale mtoto anapounda kitu ambacho wenzake wanaweza kukiona, kukijadili na kukikosoa. Ndiyo maana Logo ilipewa kobe, kwanza roboti mdogo aliyetambaa sakafuni akichora kwa kalamu, baadaye alama ndogo kwenye skrini, na kobe huyo alitii maagizo machache tu, ambayo ya msingi ni kwenda mbele hatua kadhaa na kugeuka nyuzi kadhaa.

Uchache huo wa maagizo ndio uliokuwa na siri. Mtoto akimwagiza kobe aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, kisha arudie hivyo mara nne, anapata mraba. Akitaka pembetatu yenye pande zilizo sawa, anakumbuka alichofundishwa, kwamba kila pembe yake ina nyuzi 60, naye anaagiza kobe ageuke nyuzi 60 na kurudia mara tatu, lakini kinachotokea kwenye skrini si pembetatu bali nusu ya umbo la pande sita, lililo wazi upande mmoja. Namba aliyoikumbuka ni sahihi, ila kobe hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani, hugeuka kwa kipimo cha pembe ya nje, ambacho ni 180 kutoa 60, yaani nyuzi 120. Mtoto anayesimama na kuitembea njia hiyo kwa miguu yake hugundua kanuni pana zaidi: anayezunguka umbo la namna hii na kurudi alipoanzia, akiwa ametazama kulekule, amegeuka jumla ya nyuzi 360, kwa hiyo pembetatu inadai 360 igawanywe kwa 3, umbo la pande tano linadai nyuzi 72, na hata duara linaweza kukaribiwa kwa hatua fupi fupi zenye mgeuko wa uzi mmoja mmoja. Katika zoezi hilo hakuna aliyemwekea mtoto alama ya kosa kwa wino mwekundu, kwa sababu mchoro wenyewe ulionyesha kwamba maagizo na makusudio hayalingani, na kosa likawa jambo la kuchunguzwa badala ya kufichwa.

Papert alieleza matumaini yake katika kitabu Mindstorms cha mwaka 1980, na shule nyingi zikaipokea Logo kwa shangwe. Shangwe hiyo ilipoa mapema. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa Bank Street College mjini New York, waliwachunguza watoto waliokuwa wamejifunza Logo kwa mwaka wa masomo, wakawapa kazi isiyohusu kompyuta, ya kupanga utaratibu wa kufanya usafi na shughuli nyingine za darasa, na wakaona kwamba hawakuwazidi wenzao ambao hawakuwahi kuigusa Logo. Kwa istilahi ya wanasaikolojia, uhamishaji wa maarifa, yaani kutumia katika uwanja mmoja kilichojifunzwa katika uwanja mwingine, haukuonekana.

Jibu lililo bora kwa matokeo hayo lilitoka Pittsburgh mwaka 1988, ambako David Klahr na Sharon Carver wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon hawakuwaachia watoto wajigundulie kila kitu, bali waliwafundisha waziwazi hatua za kusaka kosa katika programu: kueleza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, kukisia aina ya kosa, kukisia mahali lilipo, kulirekebisha, kisha kujaribu tena. Watoto hao walipopewa maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa, kama vile ya kufuata njia kwenye ramani au kupanga vitu, na maelekezo hayo yakawa na kasoro, waliitafuta kasoro kwa mpangilio bora kuliko awali. Lugha ya kompyuta ilikuwa ni ileile ya Logo, na kilichobadilika ni mafundisho yaliyoizunguka.

Mrithi mkuu wa Logo leo ni Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika maabara ya MIT Media Lab, ambamo mtoto haandiki maagizo herufi kwa herufi bali huunganisha vipande vya rangi vinavyoshikana pale tu sarufi ya programu inaporuhusu, na kwa njia hiyo huepushwa na makosa ya tahajia yaliyowakatisha tamaa wanafunzi wa zamani. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, na lipo toleo linalofanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa shule nyingi za Afrika Mashariki lina uzito kuliko sifa nyingine zote.

Kuhusu manufaa ya kujifunza kuandika programu kwa jumla, Ronny Scherer na wenzake walichapisha mwaka 2019 uchanganuzi uliojumuisha matokeo ya tafiti 105, wakapata faida ya wastani iliyokaribia nusu ya mkengeuko sanifu, kipimo kinachoonyesha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wao. Faida hiyo ilikuwa kubwa katika stadi za programu zenyewe, ikawa ndogo kiasi katika stadi zilizo mbali na programu, na katika usomaji na uandishi ikawa haba. Nchini Uingereza, jaribio lililohusisha zaidi ya shule 100, ambamo hisabati ilifundishwa kwa Scratch katika mradi wa chuo kikuu cha UCL ulioitwa ScratchMaths, lilionyesha kwamba wanafunzi waliimarika katika fikra za kikompyuta, yaani kuligawa tatizo katika hatua zinazotekelezeka, lakini alama zao za mtihani wa hisabati hazikupanda kuliko za wengine. Tokeo hilo si dogo. Mwalimu mkuu anayenunua kompyuta kwa kutegemea alama za hisabati zipande anapaswa kulijua kabla ya kutia saini.

Tofauti kati ya mradi unaofundisha na ule unaopamba tu huonekana vizuri katika somo la sayansi. Mwanafunzi akitakiwa kutengeneza katuni ya mzunguko wa maji, anaweza kuchukua picha ya tone, akalipandisha juu ya skrini, akaandika neno "mvukizo" pembeni, na kazi yake ikapendeza ilhali amenakili mchoro wa kitabu. Mwalimu akiongeza sharti moja, kwamba jotoridi liwe kigeu, yaani namba ndani ya programu inayoweza kupanda na kushuka, mwanafunzi hana budi kuamua tone litageuka mvuke lini. Ni rahisi hapo mtoto kuandika kwamba tone lipae jotoridi likifika nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kuwa amechanganya kuchemka na mvukizo, na katuni yake itakuwa na bahari isiyotoa mvuke kamwe. Nguo zilizoanikwa kambani hukauka bila kuchemka, na swali la mwalimu kuhusu nguo hizo linatosha kumrudisha mwanafunzi kwenye programu yake, ambako sasa atahitaji kanuni ya namna nyingine: tone linaweza kupaa katika jotoridi lolote lililo juu ya kuganda, ila uwezekano wa kupaa huongezeka kadiri joto linavyozidi. Scratch ina kipande kinachotoa namba za nasibu, kwa hiyo hata wazo hili la uwezekano, ambalo vitabu vingi vya msingi hulikwepa, linaweza kutekelezwa na kuonekana.

Kwa mizani hiyohiyo, programu zinazotoa picha au filamu kamili kwa sentensi moja iliyoandikwa na mwanafunzi, zinazoendeshwa na akili unde, zina thamani ndogo katika somo la namna hii hata kama kazi zake zinang'aa, kwa kuwa uamuzi uliopaswa kufichua uelewa wa mtoto umekwisha kufanywa na mashine. Mwalimu atabaki akisahihisha uzuri.

Kenya ni mahali ambapo masuala haya hayakwepeki, kwa sababu mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unataja ubunifu na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na vishikwambi vilianza kupelekwa katika shule za msingi za umma tangu mwaka 2016. Katika darasa la wanafunzi wengi na vifaa vichache, kufanya kazi wawili wawili si lazima kuwe hasara, mradi majukumu yatenganishwe: mmoja anashika kifaa na kuunganisha vipande, mwingine anasoma maagizo kwa sauti na kutabiri kitakachotokea kabla programu haijaendeshwa. Utabiri huo ndio unaompa mwalimu nafasi ya kusikia fikra ambayo katuni iliyokamilika huificha. Majukumu hayo hubadilishwa kila baada ya muda mfupi, kwani aliyeshika kifaa, asipodhibitiwa, huishia kuamua kila kitu peke yake.