Baridi ya Julai na Vidole vya Mwendesha Pikipiki

Wapo wasemao kwamba baridi ya Julai ni adha tu kwa mwendesha pikipiki, wala si hatari. Siafikiani nao. Katika nyanda za juu za Limuru, Kinangop na Timboroa, madhara yake huanzia vidoleni. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo hufanya nyuzi 10 za Selsiasi zihisiwe mwilini kama 5. Vidole hufa ganzi, na mkono hukawia kubana breki. Kukawia nusu sekunde ni kusonga mita 8 zaidi, tena katika ukungu umfichao hata ng'ombe avukaye barabara.

Wanaojifunga gazeti kifuani nawasifu (hata hili lafaa, ukishalisoma), kwani karatasi huzuia upepo. Lakini kifua hakibani breki. Glavu zisizopenywa na upepo ndizo za kununuliwa kwanza, nazo zisiwe nene hata kidole kikashindwa kuihisi breki.

Halafu yuko mwanafunzi aliyepakiwa nyuma, kaptula na mikono mitupu. Sheria yaruhusu abiria mmoja. Yeye huwa wa tatu. Walimu wenzangu, kengele yetu ya saa kumi na mbili na nusu ndiyo imtoayo nyumbani gizani. Sioni kitakachoharibika, mwezi wa Julai, ikipigwa saa mbili kasorobo.